Kati ya priampu, kompresa na ikwalaiza, nianze na kipi?

Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina studio ndogo nyumbani, chumba cha mita tatu kwa nne chini ya paa la bati, na kazi yangu kubwa ni kurekodi taarab ya mtindo wa zamani: mwimbaji mmoja, udi, fidla na dumbaki. Kipaza sauti changu ni Shure SM7B, nimekichomeka moja kwa moja kwenye kadi ya sauti (ile inayoingiza sauti kwenye kompyuta) ambayo uwezo wake wa kukuza sauti unaishia desibeli 56. Mwimbaji ni shangazi yangu. Katika ubeti huimba kwa upole kiasi kwamba nalazimika kuzungusha kitufe hadi mwisho, na hapo husikika «shhh» kama mafuta yanayokaanga. Kibwagizo kikifika, hupaza sauti na taa nyekundu ya kuonya kwamba sauti imezidi ikawaka. Yupo mtu Dar es Salaam anayeuza priampu (ya kukuza sauti ya kipaza), kompresa (ya kubana sauti inapopanda mno) na ikwalaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba), zote zimetumika, naye hataki kuzitenganisha. Je, nizichukue zote, au fedha hiyo ninunulie kifaa kimoja kipya?

Fundi wa Kaole, Bagamoyo

Waaleikum salaam. Kabla ya kuzungumzia fedha, tueleze shangazi hukaa umbali gani kutoka kwenye kipaza sauti.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Kama sentimita 40 hivi. Amezoea jukwaa, hupenda kuimba huku akionyesha maneno kwa mikono.

Fundi wa Kaole, Bagamoyo

Basi nusu ya tatizo iko hapo. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayoingia huongezeka kwa takriban desibeli 6. Ukimsogeza kutoka sentimita 40 hadi 10 umepata desibeli 12 bure, na chumba chenyewe, pamoja na mwangwi wa bati lako, kitapungua kusikika. SM7B hutoa umeme mdogo sana, na waliokitengeneza wanashauri ukuzaji wa desibeli 60 au zaidi, kwa hiyo si ajabu kadi yako inahema. Ikiwa baada ya kumsogeza bado unahitaji nguvu, kipo kifaa kidogo cha kuongeza sauti kinachokaa kwenye waya kati ya kipaza sauti na kadi, mfano Cloudlifter, kinachotumia umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi yenyewe na kuongeza hadi desibeli 25. Kwa mahitaji yako hiyo ndiyo priampu.

Ikwalaiza ya chuma iache kabisa. Ile iliyomo ndani ya programu ya kurekodia inatosha kukata mngurumo ulio chini ya hertzi 80 na kupunguza kidogo uzito wa karibu na hertzi 300 ambao vyumba vidogo huupenda, na ukikosea unarudi nyuma. Tena sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi ya hewani. Vifaa vilivyotumika vyenye vitufe vingi huanza kukwaruza sauti baada ya masika mawili, na fundi wa kuvifungua na kuvisafisha ipasavyo haonekani kirahisi. Nasema hivyo nikiwa nimekwisha kununua vyangu na kulia navyo.

Mpiga Fidla wa Makorora

Ninakubaliana na Fundi, isipokuwa kompresa ameipita haraka. Kompresa ya ndani ya programu hufanya kazi baada ya sauti kuwa imekwisha kuingia. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatwa kichwa na hakuna programu itakayokirudisha. Kompresa ya chuma iliyotangulia kadi ingeikamata mapema. Kwa uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa huanza kubana, kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imevuka kwa 2 tu.

Fundi wa Kaole, Bagamoyo

Hoja yako ni sahihi, mwalimu, lakini kilichobanwa wakati wa kuingia hakibanuliwi tena, na anayejifunza hubana kupita kiasi. Arekodi kwa biti 24, kipimo kinachohifadhi vizuri hata sauti ndogo, ashushe kitufe mpaka vilele vya kibwagizo visivuke desibeli 12 chini ya kikomo. Ubeti utaonekana mdogo kwenye skrini. Usimtishe, ataupandisha baadaye. Na shangazi afundishwe kurudi nyuma kiganja kimoja kibwagizo kinapoanza. Waimbaji wa zamani waliozunguka kipaza sauti kimoja na bendi nzima walilijua hilo bila kuambiwa.

Mpiga Fidla wa Makorora

Kwa sauti ya mtu, sawa. Kwa dumbaki bado nashikilia langu.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Nimejaribu jana usiku. Nilimkalisha shangazi kwenye kigoda, vidole vinne kutoka kwenye kipaza sauti, nikatundika blanketi nyuma yake. Analalamika kwamba mikono haina pa kwenda, lakini «shhh» imepungua sana na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Ulibaki mvumo mwembamba ambao niliudhania wa kadi. Nilipochomoa friji iliyokuwa kwenye soketi ya jirani, ukakatika. Yule wa Dar es Salaam nimemjibu kwamba sitachukua. Cha kuongeza nguvu kwenye waya nitakinunua mwisho wa mwezi kwa ajili ya udi, maana huo hauwezi kupaza sauti hata ukiuomba.