Naombeni ushauri: Alhamisi tunaenda kula mgahawa wa Kimeksiko na wenzangu wa kazini, naogopa kulishwa nguruwe

Mtoto wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi bado mgeni hapa Houston, huu ni mwezi wa nne, niko ghalani zamu ya asubuhi. Tupo tisa, na sita kati yetu ni Wameksiko. Watu wazuri kweli, ndio walionifundisha kuendesha foklifti. Sasa msimamizi katangaza Alhamisi tunakwenda wote kula cha mchana kwenye mgahawa wa kwao, mtaa wa pili tu kutoka kazini. Kukataa siwezi, na kusema kweli sitaki.

Shida yangu, mimi Muislamu. Nilipokuwa na wiki mbili tu hapa niliingia sehemu nyingine ya aina hiyo peke yangu, nikaagiza kuku, wali wa rangi ya nyanya na maharage ya kupondwa. Yale maharage wallahi nilifuta sahani kwa kile kichapati chao. Laini, mazito, yamekolea, hadi nikamkumbuka bibi. Kesho yake namsifia mwenzangu kazini, akacheka, akaniambia yale hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nikarudi kumuuliza mhudumu, akajibu "ndiyo" huku anafuta meza, kama naulizia chumvi. Kwenye menyu hawakuandika kitu. Siku tatu kila nikikumbuka tumbo linanicheza.

Sasa niagize nini? Niulizeje kwa lugha yao? Na huku aliyesema twende ndiye anayetoa, au kila mtu na mfuko wake?

Dereva wa Semi

Nipo siti ya mbele kabisa. Ushauri wangu mmoja tu: ukipiga simu Tanga usimwambie mama umekula taco, vile vichapati vyao vilivyokunjwa na nyama ndani, tatu kwa mkupuo. Atakata simu akuombee dua.

Jiko la Nyuma

Dereva acha utani, kijana ana hoja. Mimi nimekaa jikoni kwa hawa ndugu zetu miaka tisa, nikianzia kuosha vyombo hadi kusimamia kikaango, kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Neno la kukariri ni *manteca*. Ndiyo hayo mafuta ya nguruwe. Mwambie mhudumu "¿Lleva manteca?", yaani ina manteca? Usimuulize kama kuna nguruwe, atakujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu yeye anafikiria nyama. Mafuta kwake siyo nyama.

Yanapojificha: maharage ya kupondwa, umeshayajua. Vile vichapati vya ngano, wengi siku hizi wanatumia mafuta ya mimea, lakini wanaofuata mtindo wa zamani wanakandia manteca. Tamales, yale madonge ya unga wa mahindi yanayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi, karibu kila mara. Maharage ya mchuzi yanayoitwa *charro* yana vipande vya nguruwe, hayo usiguse kabisa. Salama zaidi ni tortilla, yaani vichapati hivyo hivyo, za mahindi. Ni mahindi, maji na chokaa, basi. Sema "tortilla de maíz".

Mtego mkubwa kwa Muislamu ni huu. Utaona mti wa nyama unazunguka kwenye moto, mtu anakata kwa kisu kirefu, utasema alhamdulillah, shawarma! Siyo. Hiyo ni *al pastor*, na ni nguruwe. Mtindo wa kuzungusha nyama ulipelekwa Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni, ukashika Puebla, wenyeji wakabadilisha nyama, wakaipaka pilipili kavu nyekundu na kuongeza nanasi. Nimemwona Mpakistani kala taco mbili za hiyo kabla sijamuwahi.

*Carnitas* nguruwe, *chorizo* nguruwe, supu ya *pozole* mara nyingi nguruwe. *Pollo* ni kuku, na wao hutamka "poyo", usicheke mbele yao. *Res* ni ng'ombe, *chivo* ni mbuzi, *pescado* samaki.

Kuhusu bili, huku kusema twende siyo kutoa. Jiandae na zako. Chukulia sahani ya dola 12.50: kodi ya Houston asilimia 8.25 inaongeza kama dola moja, bakshishi asilimia 20 ni dola 2.50, jumla 16 na senti kidogo. Bakshishi usiikwepe. Hapa Texas sheria inaruhusu mhudumu alipwe dola 2.13 kwa saa na mwajiri, zinazobaki ni zako wewe mezani.

Mama Nasra

Mwanangu, Jiko la Nyuma kasema vizuri, lakini mbona kuku na ng'ombe unawapitisha hivi hivi? Nani kachinja? Mimi na wanangu mgahawani ni samaki, kamba, mayai au mboga. Hapo Houston nyama ya kuchinjwa kwetu tele, kwa nini ujihangaishe?

Jiko la Nyuma

Mama, hilo la kuchinja nilimwachia mwenyewe, wapo wanaokula na wapo wasiokula. Lakini sawa, hata kwa upande wako kuna kitu. Wali ule mwekundu mara nyingi hupikwa kwa supu ya kuku. Na samaki wa kukaanga uulize mafuta, kuna jiko linakaanga kila kitu kwenye karai moja. Aombe wa kuchoma kwenye bamba, na asiposhiba kuna *rajas*, pilipili kubwa zilizochomwa zikakatwa vipande virefu, na jibini.

Kamaa wa Dallas

Boss, umetajiwa chokaa hapo juu ukapita tu, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe! Mahindi asili yake ni kusini mwa Meksiko, sisi tuliletewa na Wareno. Tulipewa mbegu, hatukupewa maarifa. Wale wanachemsha mahindi na chokaa, kitu kimoja na ile ya tambuu huko kwenu pwani, wanalaza usiku kucha, wanaosha, ndipo wanasaga. Hiyo chokaa inafungua vitamini ya niasini iliyojifunga ndani ya punje. Ulaya walichukua mahindi bila chokaa, maskini waliokula mahindi matupu wakapata pelagra, ngozi inababuka hadi akili inaruka. Sisi kilichotuokoa ni mboga na maharage pembeni.

Na hiyo pozole, punje za mahindi ndani yake zilivyovimba utadhani githeri ya kwetu imepotea njia.

Mtoto wa Chumbageni (mleta mada)

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeandika "lleva manteca" nyuma ya kitambulisho cha kazi. Pilipili zao je? Mimi wa Tanga, nadhani najiweza.

Jiko la Nyuma

Jalapeño utaiona mchezo. Ukisikia *habanero* shika adabu, ndiyo ukoo wa pilipili mbuzi. Na usishibe chipsi za mahindi za mwanzo. Zinakuja bure na bakuli la kachumbari ya kusagwa, zikiisha wanaongeza. Wageni wengi chakula kinafika tumbo limejaa.

Mtoto wa Chumbageni (mleta mada)

MREJESHO. Tumekwenda leo. Kwanza nilimaliza kikapu kizima cha chipsi, nisameheni.

Nilipomuuliza mhudumu habari ya manteca, hakujua, akaingia jikoni. Akarudi na mpishi mwenyewe, mama mtu mzima, mikono ina unga hadi viwiko. Akaniambia maharage usile, tortilla za mahindi kula, na samaki nitakuchomea kwenye kikaango kingine. Akaniletea taco mbili. Mwenzangu mmoja aliponiona naishika kama sambusa akanionyesha: kamulia ndimu kwanza, halafu iache taco ilale sawa, inama wewe, shingo upande. Tortilla mbili kwa pamoja, ya chini inadaka kinachodondoka. Ina harufu ya mahindi mabichi ya kuchoma, samaki kaungua kidogo pembeni, kotmiri mbichi na vitunguu. Kikombe cha pilipili ya kijani nilijimiminia kwa kujiamini. Kilikuwa habanero. Kamasi zilitoka mbele ya msimamizi, meza nzima ikapiga makofi.

Kilichoniokoa ni kinywaji. Nimeona glasi ya kahawia, nikauliza, wakasema *tamarindo*. Nikaonja. Jamani, ni ukwaju! Ukwaju ule ule wa Ramadhani, baridi, sukari nyingi. Na ule mwekundu wa pembeni ni rosela. Nilikunywa glasi tatu.

Msimamizi kalipa chakula chote, tukabaki na bakshishi tu. Nikatoa dola nne.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kwetu anayekula ndiye anamwambia mpita njia karibu. Pale wapita njia, watu hata hawatujui, wakifika usawa wa meza wanasema "provecho", yaani mle kwa raha. Nikadhani wananisalimia mimi tu, nikawa nasimama kila mara kupeana mikono.

Dereva wa Semi

😂😂 Ulisimama mara ngapi?

Mtoto wa Chumbageni (mleta mada)

Nne. Wa mwisho alikuwa na mtoto begani, ikabidi nimpe mkono mtoto.

Mama Nasra

Alhamdulillah. Nitumie jina la huo mgahawa faragha, nataka huo ukwaju.