Kukodi gari nje ya nchi: kampuni kubwa, jamaa wa mtaani au gari na dereva? Sitaki kulipia mikwaruzo ya wengine

Nahodha wa Chumbageni
Assalam alaykum na habari za jioni wadau. Mwezi ujao nasafiri kifamilia na nataka kukodi gari huko niendako. Njia ninazoziona ni tatu. Kuna kampuni kubwa yenye dawati uwanja wa ndege, kuna jamaa wa mtaani ambaye bei yake ni karibu nusu, au nisiendeshe kabisa nichukue gari na dereva wake. Ninachoogopa ni ule mchezo wa kurudisha gari salama, umeshafika nyumbani Tanga unakula zako muhogo, simu inalia kuwa umekatwa hela ya mkwaruzo usioujua. Aliyepitia haya anishauri ipi ina unafuu.

Mtoto wa Makorora
Huko uendako ni wapi, sheikh? Mombasa ni nje, na Kanada ni nje.

Mama Halua
Na kadi yako ni ya mkopo au hii ya kawaida ya kutolea hela? Mko wangapi? Barabara mtakazopita ni lami tupu au na milima? Watu mnaleta maswali nusu halafu mnataka jibu zima.

Nahodha wa Chumbageni
Haya, naongeza. Ni Muscat, Oman, harusi ya binamu pale Seeb. Tuko watu wazima wanne na watoto. Baada ya harusi tunataka kwenda Nizwa na tukijaaliwa tupande Jabal Akhdar. Kadi ni Visa ya kawaida ya benki. Kampuni kubwa inataka amana ya riali 150, na kwenye mkataba nimeona gari likiumia riali 400 za mwanzo ni zangu, bima inaanzia hapo. Jamaa wa mtaani anataka riali 100 taslimu, na pasipoti ibaki kwake mpaka nirudishe gari.

Mama Halua
Pasipoti haiachwi kwa mtu. Ni mali ya Serikali, si kitu cha kuweka rehani. Mpe kopi. Akikataa, huyo siku ya kurudisha gari atakuwa ameshika shingo yako: ataonyesha mkwaruzo wowote, na wewe ndege yako ni saa nne usiku.

Riali moja ni dola 2.60, kwa hiyo hizo 400 ni zaidi ya dola 1,000. Kuhusu kadi: ya mkopo wanazuia kiasi tu, lakini ya kawaida hela inaondoka kwenye akaunti kabisa na kurudi kwake ni majaaliwa, pengine wiki kadhaa. Na kampuni nyingi za uwanjani haziitaki kadi ya kawaida kwa amana, au zinakubali ukinunua bima yao ya juu. Waandikie barua pepe uwaulize leo, jibu lao ulitunze.

Abuu Pwani
Mnamchosha bure. Kampuni kubwa, bima yao yote, unalala usingizi. Mimi ndivyo ninavyofanya kila nchi na sijawahi kubishana na mtu dirishani.

Kijana wa Ngamiani
"Yote" ipi, kaka Abuu? Hiyo wanayoiita kamili mara nyingi haigusi tairi, rimu, vioo, paa wala uvungu. Na hivyo ndivyo vinavyoumia. Ukitoka kwenye lami ukaingia wadi, yale mabonde ya mito ya kule, na maji yakapanda, bima imekufa hapohapo hata kama ulilipia ya dhahabu.

Abuu Pwani
Si aulize iingizwe? Vioo na tairi zinauzwa pembeni, unaongeza kidogo kwa siku. Ubahili ndio unaowaponza watu.

Kijana wa Ngamiani
Ukijumlisha hivyo "vidogo" kwa siku kumi utakuta umelipa zaidi ya kodi ya gari lenyewe. Piga hesabu kwanza.

Mkaazi wa Raskazone
Ngoja niwape yaliyonikuta Dubai, kampuni siitaji. Ilikuwa ndogo lakini ina ofisi na bango, si ya mfukoni. Gari nilikabidhiwa usiku, chini kwenye maegesho ya jengo, taa hafifu, na limetoka kuoshwa linatiririka maji. Gari lenye maji halionyeshi mikwaruzo, na lenye vumbi ni vilevile. Nikamwambia kijana siweki saini hapa, tulitoe juu kwenye taa. Akanuna, tukatoka. Nikapiga video nikizunguka taratibu, nikianza na namba ya gari, kisha bampa, milango, rimu moja moja, paa, kioo cha mbele, ndani, dashibodi yenye kilomita na mafuta. Kila alama niliyoiona nikamwambia aichore kwenye fomu. Siku ya kurudisha nikafanya vilevile, yeye akiwemo kwenye video. Akasema gari safi, amana itarudi baada ya kuangalia kama kuna faini za barabarani.

Wiki zikapita. Mara naona ujumbe wa benki, wamekata karibu amana yote. Kuuliza, wananitumia picha ya chini ya bampa la mbele, kule ambako kuona lazima ulale chali. Mkwaruzo upo kweli. Lakini picha haina tarehe na namba ya gari haionekani. Inaweza kuwa ya gari lolote la rangi nyeupe, na kule magari meupe ni kama mchanga.

Sikugombana. Niliandika barua pepe fupi nikaomba vitu vitatu: picha ileile yenye tarehe na namba ya gari, ankara ya gereji, na karatasi ya polisi. Hii ya tatu ndiyo iliyowashika. Kule gereji hairuhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi. Kama walitengeneza, karatasi iko wapi? Na kama hawakutengeneza, wamenikata hela ya nini? Wakakaa kimya. Nikawaambia nitapeleka pingamizi benki pamoja na video zangu zote mbili. Baada ya hapo zikaanza lugha laini, "ndugu yetu mteja", wakarudisha nusu. Nusu nyingine wakaiita gharama za ofisi. Mpaka leo sijaiona.

Mtoto wa Makorora
Pole sana. Ila ungewapeleka benki moja kwa moja. Pingamizi la kadi lina muda wake, ukizubaa mlango unafungwa.

Mkaazi wa Raskazone
Nilikwenda. Tawini walinitazama kama nimeomba mkopo wa meli. Fomu ipo, ila umpate anayeijua.

Mama Halua
Na Oman nayo ni hivyohivyo kuhusu polisi. Kampuni nyingi zimeandika wazi: gari likiguswa hata kidogo, ita polisi, chukua ripoti, la sivyo bima haikuhusu. Ndugu zetu wanaona aibu kuita polisi kwa alama ya ukucha, wanasema "tutamalizana". Mtamalizana na nani wakati mkataba una jina lako?

Fundi Duga
Nyote mnaangalia rangi, hakuna aliyetaja tairi. Pembeni ya tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2318 ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu kwenye joto la Oman, mwendo wa 120, na gari limejaa mashangazi na mabegi, hilo ni bomu. Ikipasuka utaambiwa uligonga ukingo. Piga picha hizo namba kabla hujaondoka, na za tairi ya akiba pia. Fungua buti uhakikishe jeki na spana zimo, maana nazo huwa zinadaiwa.

Kijana wa Ngamiani
Hapo fundi umetuweza.

Msomi wa Usagara
Kuna njia ya nne ambayo hamjaigusa. Ipo bima ya pembeni, unainunua mwenyewe mtandaoni kabla ya safari, inakurudishia ile sehemu unayojilipia. Ni nafuu kuliko ya dirishani. Isitoshe, mwaka 2015 Kamisheni ya Ulaya ilizibana kampuni tano kubwa za kukodisha magari, Avis, Europcar, Enterprise, Hertz na Sixt, zikaahidi kueleza bei na bima kwa uwazi na kumpa mteja nafasi ya kupinga madai ya uharibifu kabla hajakatwa.

Mtoto wa Makorora
Msomi, mtu anakwenda Seeb wewe unampeleka Brussels.

Mama Halua
Na hizo bima za pembeni nyingi zinauzwa kwa wakazi wa Ulaya au Marekani. Mtanzania unalipa, siku ya tatizo wanakuuliza makazi yako, unaandika Tanga, mchezo umekwisha. Halafu zenyewe hazimzuii mwenye gari kukukata. Unakatwa kwanza, unadai baadaye, na unadai kwa karatasi ileile ya polisi na ankara.

Msomi wa Usagara
Sikusema anunue bila kusoma masharti. Nimesema ipo.

Mwenye Magari Mabawa
Naomba nami niseme maana nakodisha magari hapahapa mjini. Mnatuchora kama majambazi. Mteja anachukua gari, anasema anakwenda Pangani, unakuja kusikia kalipandisha Lushoto hadi Mtae mvua inanyesha. Analirudisha usiku, anamwachia mlinzi funguo, simu haipokei. Asubuhi unakuta uvungu umekwanguka. Nani alipe?

Mkaazi wa Raskazone
Ukague naye, akiwepo. Ndilo tunalosema hapa. Mlinzi si mkaguzi, na mteja asiache funguo kwa mlinzi wala kwenye kisanduku. Mkiandikishana pale pale kuwa gari limepokelewa salama, hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Mwenye Magari Mabawa
Wateja wa Tanga uwaambie wangoje dakika ishirini tukague gari? Utaitwa mshamba.

Abuu Pwani
Tumesahau kubwa. Oman wanaendesha upande wa kulia. Mtu wa Chumbageni ukimweka kwenye mzunguko wa Muscat siku ya kwanza, na watoto wanapiga kelele nyuma, hiyo mikwaruzo ataitia mwenyewe. Chukua dereva.

Kijana wa Ngamiani
Acha kumtisha. Madereva wetu wa malori wanakwenda Rwanda na Kongo, wanavuka Rusumo na kubadilisha upande kila safari. Mtu anazoea.

Abuu Pwani
Dereva wa lori na baba wa harusi ni watu wawili tofauti.

Mama Halua
Kwa Jabal Akhdar nakubaliana na Abuu. Chini ya mlima kuna kizuizi cha polisi, gari dogo la kawaida halipandi, lazima la kuvuta tairi zote nne, kwa sababu ya ule mteremko na breki. Sasa kukodi gari kubwa siku kumi kwa ajili ya mlima wa siku moja ni kutupa hela. Kodi dogo kwa Muscat na Nizwa, mlimani panda na mwenyeji. Na usisahau kibali cha kimataifa cha kuendesha, AA ya Tanzania, kile chama cha wenye magari, wanatoa. Mashine ya kadi ikikuuliza ukatwe kwa dola au riali, chagua riali.

Nahodha wa Chumbageni
Shukrani sana nyote. Sasa mambo yamegeuka. Nimeongea na ami wa Seeb, anasema ni aibu kwake mimi kukodi gari, nitumie Prado lake. Nimejikuta na hofu mpya, maana nikilikwaruza hilo siwezi kumwomba ankara ya gereji.

Fundi Duga
Haha. Hapo hata video usipige, atakushangaa.

Mkaazi wa Raskazone
Uliza kama bima yake inamruhusu mtu mwingine kuendesha, tena mgeni. Na mulkia, ile kadi ya gari, iwe hai na uwe nayo unapotembea. Ami ni ami, lakini polisi wa barabarani si ami yako.

Abuu Pwani
Mimi bado nasema kampuni kubwa.

Mtoto wa Makorora
Mwenye Magari, samahani natoka nje ya mada. Una Noah ya Jumamosi ijayo? Tuna harusi Korogwe, kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Mwenye Magari Mabawa
Noah zote zina watu. Ipo Alphard, lakini kwa siku moja sikupi bila dereva wangu. Njoo inboksi tuongee bei.