Kadi za kalenda ukutani: watoto wa darasa la kwanza wajifunze nini hasa kwazo?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro (mwuliza swali)

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha darasa la kwanza lenye watoto 74, na mwezi huu wa Februari 2026 nimetundika ukutani kalenda kubwa niliyoichora kwenye karatasi ya manila, pamoja na kadi 28 nilizozikata kutoka kwenye maboksi. Kila kadi ina tarehe na umbo: tarehe mosi ni pembetatu, tarehe pili ni duara, tarehe tatu ni mraba, kisha mpangilio unaanza upya hadi mwisho wa mwezi. Kadi zote zimegeuzwa. Kila asubuhi mtoto mmoja hufunua kadi ya siku hiyo, na darasa zima husema kwa pamoja jana ilikuwa siku gani, leo ni siku gani na kesho itakuwa siku gani.

Kusema wanasema, tena kwa sauti nzuri, lakini nina mashaka kama wanafikiri. Ijumaa ya tarehe 6 tulifunua mraba, nikawauliza Jumatatu tutakuta umbo gani. Karibu wote walijibu pembetatu, kwa kuwa pembetatu ndiyo huufuata mraba. Jumatatu tulipofunua tukakuta mraba tena, na wapo waliodhani kwamba nimekosea kuzipanga kadi. Siku hiyohiyo mtoto mmoja aliniuliza kwa nini siku ile inaitwa Jumatatu ilhali ndiyo siku ya kwanza ya kuja shuleni. Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, jibu ambalo halikuniridhisha hata mimi.

Ninaomba wenye uzoefu mnisaidie: kalenda hii ina hesabu gani ndani yake ambayo mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuigundua mwenyewe, nami nitumie dakika ngapi kila siku bila kuumiza vipindi vingine?

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mwalimu, swali la mtoto huyo lilistahili kuwa somo la wiki nzima, na bado hujachelewa kulirudia. Majina ya siku zetu yenyewe ni hesabu: Jumamosi ina mosi, Jumapili ina pili, halafu zinafuata tatu, nne na tano. Wiki ya Kiswahili inahesabiwa kuanzia Jumamosi, siku inayoifuata Ijumaa. Ichore upya kalenda yako ili safu ya kwanza iwe ya Jumamosi na ya mwisho iwe ya Ijumaa. Hapo Jumatatu itakaa katika safu ya tatu, Jumanne katika ya nne na Jumatano katika ya tano, na mtoto aliyekuuliza ataweza kuweka kidole na kujijibu mwenyewe. Maneno mosi na pili pia anayasikia kila mwezi unapoanza, katika tarehe mosi na tarehe pili, kwa hiyo si mageni kwake. Alhamisi na Ijumaa zimetoka katika Kiarabu, na Alhamisi asili yake ni tano vilevile, ndiyo maana wiki yetu ina tano mbili. Lakini hilo libaki kwa mwalimu, kwa kuwa litawachanganya watoto wa umri huo.

Ukiichora hivyo, Februari ya mwaka huu itakupa zawadi nyingine. Tarehe mosi ni Jumapili, hivyo chini ya Jumamosi zinapangana 7, 14, 21 na 28. Usiwatajie jedwali la saba, maana halijafika wakati wake. Waulize tu tunaongeza ngapi kila tunaposhuka mstari mmoja, kisha waache wajaribu katika safu ya Jumanne ili waone kama jibu ni lilelile.

Kuhusu kosa la Ijumaa, mimi ninaliona kuwa kosa lenye akili ndani yake. Watoto wako waliufuata mpangilio sawasawa. Walichosahau ni siku mbili ambazo hawakuwa darasani. Mtoto huhesabu kadi alizoziona zikifunuliwa, wala hahesabu siku zilizopita. Nilipokuwa kazini nilikuwa ninawauliza: kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu tutalala mara ngapi? Wanahesabu kwa vidole: usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Basi kadi nazo ni tatu, na mraba uliokaa nafasi tatu mbele ya mraba ni mraba. Jumatatu asubuhi usifunue kadi moja, funua tatu, na kabla ya kila moja waseme wanachotarajia na sababu yake. Kwa kweli Jumatatu ndiyo siku bora ya kalenda kuliko zote tano.

Tena tusisahau kwamba Kiswahili kimetuwekea mstari wa namba tayari: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Leo ni sifuri, kesho ni moja, na mtondogoo ni nne. Siku hizi watoto wengi hawayajui maneno mawili ya mwisho, nami huona uchungu, kwa sababu mtoto anayeyajua anaweza kuulizwa mtondo itakuwa tarehe ngapi na akajumlisha tatu bila kuona kwamba amepewa zoezi.

Mwalimu wa Gredi ya Pili, Kwale

Ninamshukuru mwalimu wa Tanga. Mimi ningependa kuongeza jambo kuhusu ruwaza zenyewe, yaani mpangilio unaojirudia, maana walimu wengi hutumia ruwaza ileile mwaka mzima na watoto wanaikariri kama wimbo. Ruwaza ibadilike kila mwezi, na urefu wake uchaguliwe kwa makusudi, kwa sababu wiki ya siku saba huifanyia kila ruwaza jambo la pekee.

Ukitumia vitu viwili vinavyopokezana, tuseme nyekundu na njano, kalenda nzima itafanana na ubao wa drafti. Ukienda kulia rangi inabadilika, na ukishuka chini inabadilika pia, kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili. Watoto wangu waligundua hivyo wakitazama safu ya Jumatatu, walipoona kwamba nambari ya kwanza ni shufwa, inayofuata ni witiri, kisha shufwa tena. Katika Februari hii ni 2, 9, 16, 23. Sikuwa nimewafundisha maneno hayo, nayo yaliingia siku hiyo kwa sababu walikuwa wanayahitaji ili waeleze walichokiona.

Ruwaza yako ya maumbo matatu, mwalimu, inafanya jambo zuri zaidi. Saba ni tatu mara mbili na moja ya ziada, kwa hiyo kila unaposhuka mstari umbo linasogea hatua moja: tarehe 1 ni pembetatu, 8 ni duara, 15 ni mraba. Kadi zote zikishafunuliwa, miraba inajipanga mshazari. Katika kalenda inayoanza Jumamosi anza na tarehe 6 iliyo Ijumaa, shuka kuelekea kushoto upitie 12 na 18, ufike 24 iliyo Jumanne. Huku kwetu watoto wanaona mama na nyanya zao wakisuka mikeka, na mmoja wao alisema kalenda yetu imesukwa. Ukitumia vitu vinne, mshazari unageuka na kuelekea kulia, kwa mfano 1, 9, 17 na 25, kwa sababu sasa saba imepungua moja kufikia nane. Gredi ya kwanza si lazima waeleze sababu. Waione, waifuate kwa kidole na watabiri kadi ambayo bado imejificha, na hapo watakuwa wamefanya kazi ya hisabati.

Kwa wale wa Gredi ya Pili, chagua nambari nne zinazofanya mraba, kama 9, 10, 16 na 17, uwaambie wajumlishe mbili zinazotazamana mshazari. 9 na 17 ni 26, na 10 na 16 ni 26. Kila kundi lichague mraba wake lijaribu kutafuta mahali ambapo jambo hili linakataa. Hawatapapata, lakini katika kutafuta watakuwa wamejumlisha mara nyingi kwa hiari yao.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Mbeya

Nimeyasoma yote kwa makini na ninayathamini, lakini ninaomba niseme neno la tahadhari, kwa sababu nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikitazama walimu wanafunzi wakitumia dakika 25 kwenye kalenda huku watoto walioketi mwisho wakichezea mikanda ya mabegi yao. Desturi ya kuanza asubuhi kwa kalenda imezoeleka sana Marekani, na huko huko wataalamu wa elimu ya awali wameihoji. Mwaka 2008 Sallee Beneke, Michaelene Ostrosky na Lilian Katz waliandika makala wakieleza kwamba kwa watoto wadogo sana kalenda mara nyingi inakuwa kariri tupu, kwa kuwa mtoto bado hana uwezo wa kupima umbali wa siku kwa namna tunayodhani anayo. Watoto wa darasa la kwanza wamewazidi hao kwa umri, lakini onyo hilo linatuhusu.

Hoja yangu kubwa ni kwamba kalenda inafundisha saba, wakati kuhesabu kwetu kumejengwa juu ya kumi. Mtoto akiitegemea kalenda peke yake, ataona 7 mwanzo wa mstari huu na 14 mwanzo wa ule, na hatapata picha ya kwa nini baada ya 9 namba zinaanza kuandikwa kwa tarakimu mbili. Tena kalenda inakoma 31. Kwa hiyo chini ya kalenda weka makopo matatu, yaani la mamoja, la makumi na la mamia, na kila siku ya masomo mtoto mmoja atie kijiti kimoja katika kopo la mamoja. Vikifika kumi, vifungwe kwa mpira na fungu lihamie kopo la makumi. Hapa hatuhesabu tarehe, tunahesabu siku tulizosoma, na tofauti ya hesabu hizo mbili isemwe wazi kila mara, vinginevyo zitaingiliana vichwani. Siku ya mia moja itakapofika, mafungu kumi yatafungwa pamoja, na watoto wataishika mia kwa mikono yao.

Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hiyo. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linataja fungu na vijiti vilivyobaki. Panapohitaji uangalifu ni ishirini na thelathini, ambazo hazisemi kwamba ni makumi mawili na makumi matatu. Hapo mtoto ashike mafungu kwanza ndipo ataje jina.

Kuhusu muda, dakika kumi zinatosha kwa kalenda na vijiti pamoja. Kwa watoto 74, acha kuuliza darasa zima kwa sauti moja, kwa sababu wanaojua huwafunika wasiojua. Uliza swali moja tu, wape nusu dakika ya kunong'onezana na jirani wa dawati, kisha umtaje mmoja aeleze walichokubaliana. Ile sehemu ya jana, leo na kesho iwe sentensi tatu fupi, na muda unaobaki uende kwenye kutabiri.

Mwalimu wa madrasa na shule ya msingi, Pemba

Assalamu alaykum walimu. Mkufunzi amesema kweli, ila kuna jambo la huku kwetu ambalo mwalimu mgeni hulipuuza. Nyumbani mtoto anasikia kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa sababu siku inaanza jua linapotua. Shuleni kadi inafunuliwa asubuhi. Mtoto akikwambia kwamba Maulidi yalisomwa usiku wa Ijumaa na wewe ukaweka kidole pasipo, usimsahihishe. Muulize kwanza jua lilikuwa limetua siku gani.

Mwaka huu Ramadhani inaanza ndani ya Februari, kwa hiyo mimi nimetundika kalenda ya pili kando ya ile ya kwanza. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, na darasa haliwezi kujua mapema ni ipi. Ninaona faida kubwa katika hilo. Watoto wanajifunza kwamba upo mpangilio unaotabirika kwa kuhesabu tu, kama maumbo ya kadi, na upo unaohitaji kutoka nje na kutazama mbingu.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro

Ninawashukuru nyote, na wewe mwalimu wetu wa Tanga, shikamoo. Mwisho wa wiki niliichora upya kalenda ikaanza na Jumamosi, na asubuhi nikamwita yule mtoto mbele. Alihesabu safu kwa kidole, akafika ya tatu, akasema "tatu" kwa sauti ndogo, kisha akaendelea mwenyewe hadi nne na tano. Kwenye Alhamisi alisimama akanitazama, nikamwambia hiyo imepata jina lake kwingine. Vijiti tumeanza navyo, ingawa ilibidi kwanza tuhesabu kwenye daftari la mahudhurio siku zote tulizokwisha kusoma. Swali lililobaki ni moja: Februari ikiisha, niziondoe kadi zote na kutundika za Machi jioni ile, ili asubuhi wakute zimekwisha kupangwa?

Mwalimu mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Usizitundike wakiwa hawapo. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo Machi inaanza Jumapili kama ilivyoanza Februari, na hakuna kadi hata moja itakayohama; zitaongezeka tatu tu, 29, 30 na 31. Jumatatu ya tarehe 2 Machi acha kadi za Februari palepale, uwaulize tarehe mosi ya mwezi mpya ilikaa wapi. Wengi watakuonyesha nafasi iliyo wazi baada ya 28, na hawatakuwa wamekosea, kwa kuwa ndiyo siku iliyofuata. Wape muda wasogee mstari mmoja mmoja hadi waone kwamba safu ni ileile. Aprili waulize tena, maana zile kadi tatu za nyongeza zitaisukuma tarehe mosi kutoka Jumapili hadi Jumatano.