Jamani nani yuko macho, Zuu anahema sana

Mama Zuu: Shikamooni wakubwa, samahani kwa usiku huu, kuna mtu yuko macho? Zuu ana homa tangu jioni kipimajoto kinasoma 39.2, kikohozi anacho toka juzi ila saivi naona anahema harakaharaka mpaka naogopa

Baba Mdogo: Pole sana shemeji. Mvue nguo umkande na maji ya baridi mwili mzima joto lishuke

Bibi: Mungu amsaidie mjukuu wangu. Homa kali hivyo ndo inaleta degedege, mpeni dawa haraka

Shangazi: Marahaba mwanangu, niko macho nimetoka zamu sasa hivi. Baba Mdogo maji ya baridi hapana tafadhali, ngozi ikipozwa ghafla mtoto anatetemeka na kule kutetemeka kunazidi kuzalisha joto, mpunguzieni nguo tu inatosha. Mama Zuu hiyo 39 iweke pembeni kwanza, nijibu haya: ananyonya? anatapika kila anachomeza? ukimwita anageuka anakutazama au amelegea?

Mama Zuu: Anakutazama shangazi, hatapiki, ila kunyonya anavuta mara mbili tatu anaachia anahema ndo anarudi tena. Na akiachia analia kidogo sauti haitoki vizuri

Shangazi: Hapo kwenye kuachia ziwa ili avute pumzi ndo panaponitia wasiwasi kuliko joto. Sasa fanya hivi, usimchokoze, mpakate akiwa ametulia, funua nguo kifua na tumbo vionekane, washa saa ya simu hesabu kifua kikipanda dakika NZIMA. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio, mara anakimbiza mara anapunguza, ukihesabu nusu utadanganyika

Shangazi: Na ukiwa unahesabu angalia pale chini ya mbavu, akivuta hewa ndani pale panabonyea au panabaki sawa? Na pua zinatanuka?

Dada Mkubwa: Shangazi kwani kawaida ni ngapi? Na mimi nijue maana nina wawili

Shangazi: Dada, mtoto wa chini ya miezi 2 ukihesabu 60 au zaidi kwa dakika hiyo ni haraka, kuanzia miezi 2 mpaka hajafikisha mwaka ni 50 au zaidi, mwaka 1 mpaka 5 ni 40 au zaidi. Zuu ana mwaka na miezi minne kwa hiyo kwake tunaangalia 40. Na uhesabu akiwa hajalia, kilio na homa vyote vinapandisha

Mama Zuu: 54. Nimerudia imekuja 56. Na pale chini ya mbavu panaingia ndani shangazi kila akivuta, pua nazo zinacheza

Shangazi: Sawa. Ondokeni sasa hivi muende hospitali, sio asubuhi, sasa. Nani ana usafiri karibu?

Baba Mdogo: Nawasha gari dakika chache niko hapo nje

Mjomba: Samahani shangazi sio kwamba nabisha, ila si apewe dawa ya homa kwanza tuone joto likishuka kama pumzi itatulia? Usiku kumtoa mtoto nje na homa

Shangazi: Mjomba swali lako ni la haki na dawa atapewa, ila hatusubirii. Joto linaongeza pumzi kidogo kweli, lakini kifua hakibonyei kwa sababu ya joto peke yake, kinabonyea kwa sababu anatumia nguvu kuingiza hewa. Njia zake za hewa ni nyembamba kama mrija wa juisi, zikivimba kidogo tu nafasi imeisha. Na watoto wana tabia moja ambayo wodini tunaiogopa kuliko vyote, wanajikaza sana, moyo unakimbia, pumzi inakimbia, presha inabaki nzuri, unaona bado anavumilia, halafu misuli ikichoka anabadilika kwa muda mfupi mno. Presha ya mtoto ikishuka tayari umechelewa. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anahema kwa nguvu akinyamaza ghafla akalegea msiseme amepata usingizi

Mjomba: Nimekuelewa. Waende

Mama Zuu: Dawa ya homa nimpe? Ninayo ya maji hapa. Kijiko kimoja?

Shangazi: Anameza vizuri bado? Kama anameza mpe, ila achana na kijiko cha jikoni. Kliniki mara ya mwisho alikuwa kilo ngapi?

Mama Zuu: 10

Shangazi: Parasetamoli tunapiga miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo yeye ni kama 150. Soma chupa imeandikwaje, zipo za 120 kwa mls 5 na zipo za 250 kwa mls 5, hizi ni mbili tofauti kabisa na ndo watu wanapozidisha au kupunguza

Mama Zuu: 120 kwa mls 5

Shangazi: Basi mls 6 kwa ile sirinji ya dawa, pembeni ya shavu taratibu akiwa amekaa. Andika saa uliyompa maana nesi atakuuliza, haitakiwi kurudiwa kabla ya masaa 4 na kwa masaa 24 isizidi mara 4. Na aspirini kamwe kwa mtoto hata kama mtu ana nia njema

Bibi: Na degedege je? Mimi roho yangu iko hapo

Shangazi: Shikamoo mama. Degedege la homa linawapata wa miezi 6 mpaka miaka 5 hivi, na kusema kweli dawa ya homa inampa nafuu ila haizuii degedege, msimsukumie dawa nyingi kwa hofu hiyo. Likitokea njiani mlazeni ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni sio kijiko sio kidole sio dawa, msimbane mikono, angalieni saa. Mengi yanaisha yenyewe chini ya dakika 5, likipita dakika 5 linahitaji dawa ya kulikata, na nyie mtakuwa tayari mnaelekea panapotakiwa

Shangazi: Garini mpakate amekaa wima kifuani kwako, usimlaze chali na usimfunike mablanketi. Akikataa kulala muache akae anavyotaka mwenyewe, mwili wake unajua mkao wa kupatia hewa. Beba kadi ya kliniki na hiyo chupa

Mama Zuu: Tumetoka

Dada Mkubwa: Tunawaombea. Shangazi nisikuchoshe lakini na mimi wangu mkubwa kajigonga kichwa mchana alidondoka kwenye baiskeli, analo nundu kwenye paji la uso. Amelala saivi, nimesikia aliyegonga kichwa haruhusiwi kulala, nimuamshe nimkeshe?

Shangazi: Hunichoshi. Alipoteza fahamu? Alilia palepale? Ametapika?

Dada Mkubwa: Alilia palepale akaendelea kucheza, amekula vizuri, hajatapika

Shangazi: Basi muache alale, usingizi wa kawaida hauharibu kichwa, tunachoogopa ni usingizi ambao hauamshiki. Muamshe mara moja au mbili usiku huu uone anakujua na anasema na wewe kama siku zote halafu alale tena. Akianza kutapika tena na tena, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kumuuma, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji meupe au damu kutoka sikioni au puani, mguu au mkono kulegea, hapo hospitali bila kuuliza kikundi. Angekuwa hajafikisha mwaka na ana uvimbe kichwani ningekwambia mpeleke hata kama anacheka

Dada Mkubwa: Nimemuamsha kanikasirikia kasema mama niache nilale 😅 Asante sana

Mama Zuu: Tumefika. Nesi wa mapokezi kamuangalia tu kifua hakuuliza hata jina, kamchukua kwanza wengine wakapisha. Wamemuwekea kibanio kidoleni cha mguu imesoma 88, sasa ana mirija midogo puani. Wamempima tena uzito wakati nimeshawaambia kilo 10, wamemtoboa kidole wanasema wanaangalia sukari. Shangazi 88 ni mbaya?

Shangazi: Alhamdulillah mmefika. Hiyo namba ni asilimia ya oksijeni kwenye damu, 88 ni chini, ikiwa chini ya 90 mtoto anapewa oksijeni, na kwa hiyo mirija inapanda taratibu. Uzito wanapima upya kwa sababu kila kitu cha mtoto kinapigwa kwa kilo, dawa, maji ya dripu, vyote, hawezi nesi kutegemea namba ya kukumbuka. Na sukari ni kwa vile mtoto mgonjwa asiyenyonya vizuri akiba yake inaisha haraka

Mama Zuu: Wanataka kumtoboa mkono waweke kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa cha kupitishia sindano za antibayotiki, daktari kasema nimonia. Wameniambia naweza kutoka nje kama siwezi kuangalia. Nitoke?

Shangazi: Kama miguu yako inakubeba baki. Waombe umpakate yeye akiwa amekaa, amekukumbatia, mkono mmoja wa nje ndo nesi ashike. Mtoto akikandamizwa kitandani na watu wanne anapambana, analia, na kilio kinamla oksijeni ambayo hana ya kupoteza. Muimbie, mwambie mama yuko, usimwambie haiumi maana itauma. Ikiisha tu mnyonyeshe kidogo wakikuruhusu

Mama Zuu: Imeisha. Nilimpakata, alilia kidogo akanyamaza. Nesi alikuwa anamwangalia uso na miguu akaandika namba, eti anapima maumivu

Shangazi: Vizuri sana huyo nesi. Mtoto asiyeweza kusema inauma tunasoma uso wake, miguu, anavyojinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja 0 mpaka 2, jumla haizidi 10. Kisipopimwa hakitibiwi

Bibi: Nimelia machozi. Mungu awabariki hao manesi

Baba Mdogo: Nipo nje nalala garini, mkihitaji kitu nipigieni

Mama Zuu: Habari za asubuhi wapendwa. Bado yuko kwenye oksijeni, inasoma 95, nimehesabu mwenyewe 44 na kifua kinabonyea kidogo tu sio kama jana. Amenyonya kwa utulivu kidogo kidogo. Homa imerudi 38.4 lakini, inamaanisha dawa haifanyi kazi?

Shangazi: Hapana mwanangu, homa inaweza kwenda na kurudi hata antibayotiki ikiwa inafanya kazi, mara nyingi siku mbili za mwanzo. Endelea kutazama kama ulivyotazama jana, pumzi, kunyonya, na macho yake. Ukiona kitu hakiko sawa hata kama mashine inasoma vizuri mwite nesi, mwambie huyu simuoni kama kawaida yake, wewe ndo unamjua. Na ile mirija ya puani angalia isizibwe na makamasi, usimsafishe kwa kijiti, omba wamsafishe wao

Mama Zuu: Makamasi anayo kweli. Nesi wa asubuhi ndo anaingia, ngoja nimwambie