Bondia na kikundi cha vichekesho, Lubumbashi: mashabiki walipie wapi?

MwanaKatuba: Wote wawili wanataka mashabiki wawape feza moja kwa moja, kwa hiari. Tulinganishe Patreon (tovuti ya kumchangia msanii kila mwezi), zawadi za laivu za YouTube, na namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Watu watatoa kweli?

Fundi wa Sauti: Wanatoa tayari, ndugu. Ukumbini noti hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na mabanga hulipiwa ili jina liitwe ndani ya wimbo. Anayetoa anataka jina lake lisikike, tena papo hapo. Patreon inamtaka alipe kila mwezi, kimya kimya, kwa kadi ya benki ambayo wengi hawana.

Hesabu_Golf: Na makato pia. Ukurasa mpya wa Patreon hukatwa 10%. Kwenye dola 5 inaondoka 0.50, kisha ada ya kadi, 2.9% na senti 30. Inabaki kama 4.05, kabla ya gharama ya kuzitoa. Anayejiandikisha ndani ya programu ya iPhone hukutana na 30% ya Apple, kwa hiyo aelekezwe kwenye tovuti. YouTube nayo hubakiza 30% ya Super Chat, yaani zile zawadi za laivu. Hata hivyo, kwa ndugu zetu walioko Brussels msiifute Patreon.

Mama Ruashi: Kwa walio nje, sawa, yaya. Hapa mjini namba ya simu inashinda, ila itayarishwe. Laini isajiliwe kwa jina ambalo mashabiki wanalijua: ujumbe wa muamala ukileta jina la shemeji, mtu anadhani ametapeliwa na harudii. Wekeni namba ya kila mtandao. Ombeni franka 1,000 au 2,000, msiombe dola 1, kwa sababu kwenye simu akiba ya dola na ya franka ni mbalimbali, na mwenye franka tu anakwama. Halafu kila malipo yanahitaji namba ya siri, hakuna kinachokatwa chenyewe mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ombeni watu wakiwa bado wanacheka, na msome majina yao hapo hapo. Anayetaka kufichwa, afichwe.

MwanaKatuba: Na bondia? Yeye hana onyesho la kila wiki.

Fundi wa Sauti: Aombe kitu chenye bei: glovu, bandeji, usafiri wa Kolwezi. Ataje kiasi, kikitimia afunge mchango, aonyeshe risiti. Mchango usio na mwisho unachosha watu haraka.

Kamalondo kwa Kamalondo: Msimpime kwa mpira. Mchezaji wa klabu kama Mazembe au Lupopo akiomba, watu watauliza mshahara wa klabu uko wapi. Bondia asiye na mshahara aseme hivyo wazi, wengi hawajui.

Mama Ruashi: Kikundi nacho kiandike mgawo kabla ya franka ya kwanza kuingia. Anayeshika simu asiwe yule yule anayeshika daftari, na jumla isomwe mbele ya wote kila jioni ya onyesho. Vikundi vingi huvunjikia hapo, mashabiki wakiwa bado wanatuma.