Maiki za kondensa za mtumba: MXL V67G, Oktava MK-319 au Rode NT1-A, ipi ya kununua na kuboresha?

mdogo_wa_biti: Wakuu habari za jioni. Nina laki nne, natafuta maiki ya kondensa ya kurekodia vokali, wasanii wangu wengi ni bongofleva na kuna dada mmoja wa kwaya. Nimeonyeshwa tatu za mtumba, hizo hapo juu, na Kariakoo kuna BM-800 mpya bei chee kabisa. Kuchomelea najua. Nichukue ipi?

FundiSaketi: Mkuu BM-800 achana nayo, ukifungua lile likichwa ndani unakuta kapsuli (kile kidude kinachonasa sauti) ya elektreti, aina ya bei rahisi, ndogo kama kifungo cha shati, kwingine kote hewa. Watu wanachukua ganda lake la nje tu wanaweka kapsuli kubwa na saketi mpya, ila hapo unajenga maiki nyingine kabisa.

Mimi naenda na V67G, ile ya kijani yenye wavu wa dhahabu, ina transfoma kwenye autiputi na ndani pana nafasi ya mkono. Ugonjwa wa maiki nyingi za Kichina za bei hii ni "s" na "sh" kuchoma masikio. Chanzo ni kwamba wanaiga kapsuli ya K67, ambayo kwa asili ilikuwa kwenye maiki ya Kijerumani Neumann U67 ya 1960, na ile saketi ya Neumann inapunguza trebo (zile sauti za juu kali) makusudi kwa sababu kapsuli yenyewe imezidisha, sasa hawa wameiga kapsuli halafu ile sehemu ya kupunguza hawajaweka, trebo yote inakuja kama ilivyo. Ndio maana ukibadilisha makapasita tu unapoteza hela, dawa ni kapsuli ya mtindo wa K47 ambayo juu imetulia.

msee_wa_Luthuli: Oktava pia usiipite hivi hivi buda. Imetengenezwa Tula kule Urusi, kapsuli yake iko sawa kabisa, shida ni kile kichwa, wavu una tabaka nyingi na sauti inagonga mle ndani inarudi. Ukitoa tabaka la ndani la wavu inafunguka, na hiyo kazi haikugharimu kitu. Lakini jaribu zile swichi za pad (kupunguza nguvu ya sauti inayoingia) na za kukata besi kabla ya kulipa, kwa maiki ya zamani ndizo huanza kukwaruza.

binti_wa_Tanga: Mdogo wangu kama wateja wanakusubiri chukua NT1-A uanze kazi. Rode wenyewe wanaandika kelele yake ya ndani, ule mvumo maiki inaoutoa yenyewe, ni 5 dBA, yaani ndogo sana, kwa dada wa kwaya anayeimba taratibu hilo ni jambo kubwa sana. Juu inang'aa, ni kweli, ila igeuze pembeni kidogo ya mdomo, tundika blanketi zito nyuma ya mwimbaji, utaona tofauti. Na kwa sisi wa pwani, yoyote utakayochukua isikilize kwa hedifoni gain (kikuza sauti) ikiwa juu kama dakika kumi hivi bila mtu kuongea, ukisikia inapasuka-pasuka unyevu umeshaingia. Ikifika nyumbani ikae kwenye kontena lenye mfuniko na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu), usiiache kwenye stendi usiku kucha.

mdogo_wa_biti: Shukrani sana dada. @FundiSaketi nikichukua V67G, kapsuli nabadilishaje bila kuua kitu?

FundiSaketi: Zima fantomu (umeme unaopelekwa kwenye maiki kwa waya wake), chomoa waya, iache ikae kidogo kapasita ziishiwe chaji. Fungua pete ya chini, bomba linateleza linatoka. Piga picha nyaya za kapsuli kabla hujagusa. Ngozi ya dhahabu ya kapsuli usiiguse wala usiipulizie, shika kapsuli kwa pembeni tu. Kuna rezista ya giga ohm (yenye ukinzani mkubwa sana), hapo ndipo wengi wanaharibu, mafuta ya vidole yakibaki umeme unavuja na kelele inaanza, kwa hiyo ukimaliza kuchomelea safisha eneo lote kwa spiriti ya isopropili na iache ikauke kabisa ndipo uwashe. Na rekodi mstari mmoja kwa kapsuli ya zamani kabla hujaitoa, mwimbaji yule yule na umbali ule ule, ndio ulinganishe.