Hakimu amepanga nyumba ya mlalamikaji, tukiomba kesi ihamishwe tunaambiwa tulete ushahidi

Wakuu salaam. Sitaji wilaya wala jina la mtu maana kesi bado iko mahakamani na sitaki kumuongezea dogo matatizo, ila nimefika mwisho wa uvumilivu acha niseme.

Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo kwa mfanyabiashara mmoja wa alizeti huku kanda ya kati. Magunia yakapungua, akakamatwa yeye, shtaka wizi akiwa mtumishi. Sawa, mtu akiibiwa ana haki ya kushtaki, hapo sina neno. Shida ni kwamba hakimu anayesikiliza kesi anaishi kwenye nyumba ya huyo huyo mlalamikaji. Mtaa mzima unajua. Wapangaji wenzake wanajua kodi wanampelekea nani, na kuna asubuhi mheshimiwa anashushwa na gari ya huyo mzee mlalamikaji pale kona ya juu, anamalizia kwa miguu mpaka mahakamani kama vile sisi wote vipofu.

Wakili wetu akasimama kwa adabu zote akamuomba ajitoe. Jibu lake: "Una mkataba wangu wa pango?" Jamani, nani nchi hii anatembea na mkataba wa pango wa hakimu?? Halafu mwendesha mashtaka akanyanyuka akamalizia, ati mlalamikaji sio upande kwenye kesi ya jinai, upande ni Jamhuri, mlalamikaji ni shahidi tu kama mashahidi wengine. Yani hakimu akiwa mtu wa karibu wa shahidi namba moja, ambaye ndiye mwenye mali, ndiye aliyeripoti polisi, ndiye anayesubiri dogo afungwe, hiyo haihesabiki kwa sababu hana ukaribu na Jamhuri! Uamuzi ukasomwa hapo hapo, maombi yametupwa, shahidi anayefuata aingie.

Kinachonichoma sio tu kwamba alikataa. Ni kwamba anayelalamikiwa ndiye huyo huyo anayekaa kupima kama malalamiko juu yake yana mashiko. Wakili ananitumia hukumu kwenye simu nazisoma usiku, sasa hivi nimekuwa nusu mwanasheria kwa lazima. Mahakama ya Rufani kwenye Laurean Rugaimukamu dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, rufaa ya madai namba 13 ya 1999, ilitaja lini unaweza kumkataa jaji au hakimu: kuna uhasama kati yako na yeye, au ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au yeye au mtu wa familia yake wa karibu ana maslahi kwenye matokeo ya kesi. Wakaongeza kwamba asiombwe kujitoa kwa hofu za kufikirika. Hapo kwenye hofu za kufikirika ndipo wanapotumalizia. Ila kuna Tumaini dhidi ya Jamhuri ya 1972, pale ilisemwa kinachoangaliwa sio nia iliyoko moyoni mwa hakimu bali picha wanayoipata watu wenye akili zao. Sasa mtu mwenye akili zake akisikia hakimu kapanga kwa mlalamikaji anapata picha gani?

Mtasema kata rufaa. Haikatiki! Sheria ya Mahakama za Mahakimu kifungu cha 43(2) inasema uamuzi mdogo wa katikati ya kesi wa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hauna rufaa wala marejeo mpaka uwe umemaliza shtaka lenyewe. Kwahiyo dogo asubiri ahukumiwe kwanza, ikibidi aanze kutumikia kifungo, ndo akalalamike hakimu alikuwa na upande.

Na hata ukifika huko juu utaenda na nini mkononi? Hapa naomba mnisome taratibu. Siku dereva wa fuso alipotoa ushahidi, wakili wetu alimuuliza nani alikutuma kupakia mzigo usiku, jamaa bila hiyana akajibu "Bosi mwenyewe alinipigia." Bosi ndiye huyo huyo mlalamikaji! Mahakama ikanyamaza. Mimi nilikuwa benchi la mbele naiangalia mikono ya hakimu, kalamu imewekwa mezani juu ya jalada, imelala. Haandiki. Wakili akasema mheshimiwa naomba jibu hilo liingie kwenye kumbukumbu. Akaambiwa "Wakili usinifundishe kazi, endelea na swali lingine." Swali lililofuata likajibiwa na kalamu ikaokotwa fasta.

Sasa nenda na hilo Mahakama Kuu. Watafungua mwenendo wa kesi, watakuta ukurasa hauna hilo jibu. Na kwenye Halfani Sudi dhidi ya Abieza Chichili, Mahakama ya Rufani ilishasema kumbukumbu ya mahakama ni kitu kizito hakipingwi kirahisi rahisi. Mantiki naielewa, kila aliyeshindwa angekuwa anasema hakimu hakuandika. Lakini ushahidi wa upendeleo unaandikwa na anayependelea, na asipouandika basi haupo!

Njia iliyobaki ni kuomba Mahakama Kuu ihamishe kesi. Kipo kifungu kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ni cha 191 kwenye toleo la 2022, kwamba ikionekana mahakama ya chini haiwezi kuendesha kesi kwa haki na bila upendeleo Mahakama Kuu inaweza kuamuru ipelekwe kwingine. Ombi lazima liwe na kiapo, isipokuwa muombaji akiwa DPP, yani Mkurugenzi wa Mashtaka, yeye hahitaji kuapa. Sisi walalahoi ndo tuape. Nikaanza kutafuta wa kuapa. Mpangaji mwenzake hakimu kanipikia chai kanieleza kila kitu, nilipotaja neno kiapo kakumbuka ana safari. Mwenyekiti wa mtaa anasema yeye hawezi kuandika barua kuhusu makazi ya mheshimiwa. Na mimi siwezi kuapa kwamba nimesikia kwa fulani kama huyo fulani hajaapa mwenyewe. Tumepeleka na kiapo changu cha gari niliyoiona kwa macho na cha wakili kuhusu ile kalamu, jalada linasubiriwa lipande juu, na huku chini kesi haijasimama hata dakika moja.

Kuna aliyenishauri Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya wilaya. Mwenyekiti wake kisheria ni Mkuu wa Wilaya. Mzee wa alizeti kila mwenge ukipita ndiye anachangia mafuta na ng'ombe, hesabuni wenyewe.

Najua wapo wahuni wanamkataa hakimu ili kuchelewesha kesi, leo huyu kesho yule, na mahakama zina haki ya kuwachoka. Lakini dawa si ipo? Ombi la kujitoa lisikilizwe na hakimu mwingine, hata kwa nusu saa, na usikilizaji usimame mpaka lijibiwe. Hilo nalo linahitaji bajeti? Kesi ya Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, na wenzake 2021, washtakiwa walisema hawana imani na Jaji Luvanda, tarehe 6 Septemba akajitoa, ikaenda kwa Jaji Siyani, mbingu haikuanguka. Ila pale kulikuwa na waandishi na mabalozi kwenye viti. Kwa dogo yupo mama na mimi, na askari anayetuambia tuzime simu.

Na hata akibadilishwa leo, kifungu cha 214 cha Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, toleo la 2022, kinamruhusu hakimu mpya kuendelea na ushahidi uliokwisha andikwa, mpaka tushawishi kwamba mashahidi waitwe upya. Yani anarithi mwenendo wenye shimo pale pale kwenye jibu la dereva.

Sasa wanasheria mliomo humu, jumatano upande wa mashtaka unafunga ushahidi wao. Kuna aliyewahi kupata amri ya Mahakama Kuu ya kusimamisha kesi ya chini wakati ombi la kuhamisha bado halijasikilizwa? Aliombaje, kwa hati ya dharura? Na yule dereva tunaweza kuomba aitwe tena ahojiwe, au ndo tutakuwa tunamuomba ruhusa mheshimiwa yule yule?